Chumvi ya Vigingi vya Magharibi

Kaka yangu Yohana,

Shikamoo. Hapa Sikonge sote wazima, na mimi ndiye mzima kupita wote. Hata wasichana wanakiri.

Barua yako nilimsomea mama. Nilipofika pale unaposema unaacha masomo ya kupima ardhi huko ng'ambo, unarudi kuwa karani wa stesheni Tabora, aliweka chini mboga aliyokuwa akichambua. Nikaona nikiendelea kunyamaza nitapasuka.

Unakumbuka kiangazi kile ulipokuja likizo na sanduku la chuo, umevaa soksi ndefu kama korongo? Ulikuwa unatafuta mahali pa kuchimba kisima, ukanipa kazi ya kupigilia vigingi vya chuma shambani kwa shangazi Maria, kuvuta waya, na kumwagia kila kigingi maji ya chumvi ili umeme upenye ardhini. Wewe ulisoma sindano ya kipimo chako. Kijiji kizima kilijaa pale. Shangazi akakuuliza, "Baba, ndiyo kusema unaiona ardhi ndani kama tumbo la mbuzi?"

"Karibu hivyo, shangazi."

Nami nikawatangazia watu kwamba mwenye umeme ni mimi, wewe unaandika tu.

Basi sikia, usirushe kiatu. Vigingi vya upande wa magharibi havikuonja chumvi. Nilikuwa na muhogo wa kuchoma, na muhogo bila chumvi unaujua mwenyewe. Chumvi ikaisha. Maji nayo nilidondosha matone tu, maana mtungi ulikuwa mzito. Sindano yako ikalala, ukaandika kwamba magharibi ni pakavu. Wanaume wakachimba mashariki mpaka wakakuta jiwe, nawe ukaondoka bila kuaga, ukidhani hesabu zako ndizo mbovu.

Juzi shangazi alichimba udongo wa kufinyangia vyungu, hukohuko magharibi. Maji yakamfika magotini. Akapiga yowe, "Njooni! Msomi wetu kachekwa na ardhi!" Nilicheka kuwashinda wote, kaka, na usiku ule sikula.

Hukukosea wewe. Barua kama hii nimekwisha kumpelekea mwalimu wako, na jina langu kamili chini. Sasa chuo kizima kitajua ulafi wangu. Ukipanda meli kurudi huku, nitakuwa nimeaibika bure, nami sikuzaliwa kuaibika bure. Kaa hukohuko usome.

Ni mimi mdogo wako, mwenye sura nzuri kukushinda.