Kijiji Changu Hakina Anayeitika Hodi

Bi Mbeyu, mshauri wetu, shikamoo, na baada ya salamu nakuomba uniokoe kabla sijapotea, mimi ni Makame wa hapa Msambweni, ukiuliza utaambiwa, ndiye niliyemtoa baharini pweza wa ukubwa wa kitanda, minyiri ikiburutika njia nzima hadi sokoni, lakini leo nimeshindwa na simu. Binti yetu Muhsina kabla hajaenda kazini Doha alinitilia mchezo wa kujenga kijiji, na nimekijenga hadi waliouunda wangeshangaa, kina kisima, bustani, kuku wasioibwa, paa halivuji, na watu wake nikiwagusa tu kwa kidole wanacheka, si kama mtaa wetu siku hizi, majirani wameuza viwanja wakahama, zimebaki kuta na mageti, hata wa kuja kuomba chumvi hayupo. Sasa mimi nimelelewa, nyumba ya mtu siingii hivi hivi, kwa hiyo kila nikigusa mlango mle ndani husema hodi. Juzi nikaisema kwa nguvu, mke wangu Mwanafatuma akaitika jikoni, "Karibu, karibuni ndani," mara huyo katoka, kajifunga leso mpya, na sinia la mahamri na chai mkononi, akatazama barazani, akatazama njiani.

"Mgeni yuko wapi, baba Muhsina?"

Nikamwonyesha simu. Akaweka sinia chini, akasema, "Basi nijengee na mimi kibanda humo, huenda ukanipitia," akaenda zake kwa kaka yake kule Kombani na hajarudi, na kijiji sasa kina hata gati lakini mimi usingizi sina. Nifanyeje?

Makame, Msambweni

*

Marahaba, Makame. Pweza wako nimemsikia, mwache apumzike.

Kuupenda mchezo sikulaumu. Nani asiyetamani mahali ambapo akifika watu wanafurahi? Lakini mkeo naye ana hamu hiyo hiyo. Alivaa leso mpya kwa sababu ya sauti yako mwenyewe, maskini, akidhani hatimaye kuna mtu amekuja. Wewe ulikuwa na kijiji kizima, yeye hukumwachia hata mtu mmoja wa kuzungumza naye. Huna haya?

Zima simu, iache nyumbani. Nenda Kombani leo. Msalimu shemeji yako kwa adabu, na hilo gati usimtajie. Mwambie Mwanafatuma kwamba nyumba haikaliki bila yeye, kisha nyamaza, najua kwako ni kazi. Atakununia. Vumilia. Wale wa kwenye simu hawajui kununa, wala hawawezi kurudi nyumbani na wewe.