Nimewarudisha Washenga wa Binti Yangu Mara Mbili

Mpendwa mshauri,

Shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi ipokee tu, maana mwenye shida hana ukubwa. Mie ni fundi wa kuchomelea mageti hapa Chang'ombe, nina miaka hamsini na sita, na naomba msaada wako kwa jambo ambalo hata mchungaji wangu sijamwambia.

Mke wangu Gladness alifariki mwaka jana mwezi wa tatu, baada ya kuugua figo miaka miwili, na miaka yote hiyo tuliomba, tukafunga, wanajumuiya wakaja nyumbani kila Alhamisi, wote wakaniambia baba Hope subiri kwa imani, nikasubiri kwa imani, nikaishia kuzika. Tulitoka Machame pamoja mwaka tisini na nne tukapanga chumba kimoja, na mshauri, wewe hukumwona Gladness siku ya Jumamosi, anamenya ndizi huku anajifunza sauti ya pili ya kwaya, wimbo mmoja asubuhi nzima mpaka wapangaji wenzetu Waislamu wakaujua, mzee Jamali wa chumba cha jirani akawa anamsahihisha akikosea, tunacheka uani wote. Jumapili tulikuwaga tunaondoka mapema kabla jua halijawa kali, yeye mbele na sare yake aliyoipiga pasi ya mkaa, mie nyuma nimembeba binti yetu Hope. Siku hizi Jumamosi nyumba iko kimya, na kanisani sijakanyaga tangu jeneza lake lilipowekwa mbele ya madhabahu.

Sasa ishu yenyewe ni hii. Hope ana mchumba, kijana wa Kinondoni anaitwa Allen, mwalimu, mpole, sina neno naye. Washenga wake walipokuja mara ya kwanza nikawaambia msiba bado mbichi, waache mwaka upite. Mwaka ukapita, wakaomba tena siku, wakaja, nikawatumia ujumbe kwamba nimesafiri ghafla kwenda Moshi, kumbe niko karakana nachomelea geti. Hope akanifuata pale pale, akasimama mlangoni, akaniuliza, "Baba, Moshi ndio hapa?"

Nikamwambia, "Mwanangu, namsubiri Mungu anioneshe wakati wake."

Akalia. Akasema, "Mie sisubiri harusi, Baba. Harusi hata miaka mitano nitaingoja. Nakusubiri wewe. Mama alikufa mmoja, lakini naona kama tulizika wawili."

Hii ni wiki ya tatu, nikimpigia simu anasema shikamoo, naitika marahaba, basi, hakuna zaidi. Ukweli, mshauri, si Mungu ninayemsubiri. Naogopa kumpeleka mwanangu mbele ya madhabahu ile ile. Tena naogopa nikifurahi siku hiyo, nitakuwa nimekubali kwamba Gladness harudi. Nifanye nini?

Elibariki, Chang'ombe

*

Baba Hope,

Pole sana. Barua yako nimeisoma mara mbili, na pale kwa mzee Jamali nilicheka kwanza, halafu nikafuta machozi. Ulipenda, ukapendwa. Lakini uliniomba ushauri, hukuniomba pole peke yake, kwa hiyo vumilia.

Umemdanganya mwanao, halafu ukamtia Mungu katikati ya uongo wako. Usimsingizie. Anayewachelewesha watoto hawa ni wewe.

Uliomba mkeo apone, hakupona. Kwa nini? Sijui, na atakayekuambia anajua, muogope. Ninachojua ni kwamba Bwana wetu mwenyewe alilia kaburini kwa rafiki yake, huku akijua fika kwamba punde atamwita atoke. Kwa hiyo lia, baba, hakuna aliyekukataza. Ila tumaini letu si Gladness kurudi Chang'ombe. Ni kuonana naye siku Bwana atakapowaamsha wote waliolala katika yeye, na siku hiyo haisogei mbele hata kidogo kwa sababu wewe umecheka kwenye harusi ya binti yenu.

Na hiyo madhabahu unayoiogopa, jeneza lilikaa pale kwa muda wa saa mbili tu. Gladness aliimba mbele yake miaka mingapi?

Sasa nisikilize. Leo, kabla hujawasha mashine, nenda kwa Hope kwa miguu yako, simu hapana. Sema "nisamehe", usizungukezunguke. Kisha waite washenga, wape tarehe, na siku hiyo wakukute nyumbani umevaa shati safi. Jumapili nenda ibada ya kwanza, kaa hata benchi la mwisho karibu na mlango; ukizidiwa toka nje upumue, urudi. Mchungaji naye mwambie yote uliyoniambia mimi.

Usingoje moyo uwe tayari. Mimi nilipofiwa na mume niliungoja wangu miaka minne, nikijiita mwenye subira. Wanangu wakazoea kutoniambia kitu. Mkubwa wao alipochumbiwa, nilipata habari kwa jirani, sokoni, nikiwa nachagua nyanya, ikabidi nijifanye nilikuwa najua.

Nenda kwa Hope leo.

Mama Marietha