Siku Nilipomjeruhi Rwegasira

Bukoba mjini,
Jumapili, baada ya ibada

Kwako mke wangu Kokugonza, mama wa Kemilembe,

Nakusalimu wewe, na watoto wetu wawili, na mama yangu unayemtunza. Ile homa imekuacha? Kifua cha mama kimetulia, au bado anakohoa asubuhi mkiwasha moto? Na mdogo ameanza kusimama? Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Najua maneno yameshafika huko Bumbire kabla ya barua hii, maana mitumbwi ya samaki hubeba habari upesi kuliko posta. Umesikia kwamba nimemkata ndugu yako. Ni kweli. Nilimpiga Rwegasira kwa ndoano ya magunia, mchana kweupe, mbele ya watu. Wengine watakuwa wamekuambia nililewa pombe ya lubisi, wengine kwamba nimerukwa na akili. Hayo si kweli. Kaa mahali penye utulivu usome mpaka mwisho, na usimsomee mama kabla hujamaliza wewe mwenyewe.

Uliniona nilivyokuwa nilipoondoka: nakunywa mtungi mzima na bado nina kiu, nguo zinanining'inia. Hapa nilianguka kazini, wakanipeleka hospitali. Walichemsha mkojo wangu pamoja na maji ya buluu, ukageuka mwekundu kama tofali. Daktari akasema nina ugonjwa wa sukari, na bila sindano sitaiona kahawa ya msimu ujao. Basi dresa mmoja, mfunga vidonda wa pale hospitali, mtu mpole anayeitwa Mutalemwa, akanifundisha kuchemsha sindano ya kioo, kupima dawa na kujidunga pajani kila asubuhi. Alirudia neno moja mpaka nikachoka kulisikia: "Ukishajidunga, ule. Usiende popote kabla ya kula. Na ukiona kitu chochote kigeni mwilini, njoo uniambie."

Kiu iliondoka kabla hata ya juma kuisha. Lakini mambo mengine yakaja. Macho yalififia, nikafungua Biblia nikaona herufi kama zimelowa maji. Miguu ilivimba. Pajani pakaota vinundu. Hayo nilimwambia dresa, akasema mwili unaizoea dawa, yatapita. Jambo moja nililificha. Ilikuwa ikifika karibu na saa sita mchana, mikono inaanza kutetemeka, jasho linanitoka hata kivulini, kisha inakuja hasira isiyo na sababu. Siku moja nilipiga teke chungu cha ndizi kikapasuka, eti kwa sababu hazijaiva. Siku nyingine nilimkamata koo mchukuzi mwenzangu aliyenikanyaga kidole. Rwegasira, ambaye unajua tulikuwa tunalala chumba kimoja, aliniambia, "Shemeji, huyu si wewe. Nenda kamwambie dresa." Nikamjibu kwamba sitaki kuandikwa kichaa. Nilinyamaza. Mke wangu, katika yote nitakayokuandikia, hapo ndipo nilipokosa nikiwa na akili zangu timamu.

Jumatano ile nilijidunga kama kawaida. Ndizi zilikuwa bado motoni. Mtu wa nyapara akapita akipiga kelele kwamba meli imefika na wachukuzi wote wanatakiwa ghalani mara moja. Nikasema nitakula baadaye. Nikachukua ndoano yangu nikaenda.

Tulibeba kahawa tangu jua la asubuhi mpaka likawa juu ya kichwa. Nakumbuka gunia moja lilianza kuonekana mawili. Nakumbuka nyapara akinitukana kwa sababu nilikuwa nazunguka na mzigo nisijue pa kuutua. Halafu nakumbuka jani la mgomba limefungwa kwa kamba, na mikono imelishika. Uso wa mwenye mikono siukumbuki. Yaliyobaki nimeambiwa na waliokuwepo.

Alikuwa ndugu yako. Aliacha cherehani anayoshonea barazani kwa tajiri wake, akarudi chumbani akakuta chungu hakijaguswa, akaniletea chakula mbio. Wanasema alinishika bega akaniambia, "Shemeji, kaa ule." Mimi nikamuuliza, "Wewe ni nani wa kuniamuru?" Akacheka kidogo, akalifungua jani. Nikampiga. Ndoano iliingia mkononi, chini kidogo ya kiwiko, nami nikaivuta mpaka kiganjani. Nyama ilifunguka, mfupa ukaonekana. Alipoanguka nikamkalia kifuani nikamkaba koo kwa mikono yote miwili, naye ananipiga usoni kwa ule mkono mzima huku akiniita kwa jina langu. Sikumsikia. Mate yalikuwa yananitoka.

Wachukuzi wakanijia na miti. Wakanipiga mgongoni, mabegani, kichwani, na sikumwachia. Mti mmoja ukanivunja meno mawili ya mbele, hapo ndipo mikono ikalegea. Wakanifunga kwa kamba za magunia, na nilipokwisha kufungwa waliendelea. "Mwuaji! Mwueni mwuaji!" Nyapara mwenyewe alinipiga mateke ya mbavu. Siwalaumu. Kama ningekuwa mmoja wao na kuona yale, na mimi ningeokota mti.

Askari walinikokota mpaka mahabusu. Nilimng'ata mmoja kidole. Kisha nikalala sakafuni nikawa sisemi, nakoroma. Wakasema ni pombe, wakanimwagia maji, wakanipiga tena niamke. Sikuamka.

Sasa sikiliza alichofanya ndugu yako. Walimfikisha hospitali damu inachuruzika, na aliyemshona ni yule yule Mutalemwa. Akamuuliza nani amemfanya hivi. "Shemeji yangu," akasema. Na hapo hapo akakumbuka. "Dresa, yule alijidunga asubuhi. Hakula. Chakula nimekiona motoni." Mutalemwa akasimama. Jeraha lilikuwa limeshonwa nusu, uzi unaning'inia kwenye ngozi. Akasita, hajui amwache au amalize. Rwegasira akamwambia, "Nenda, atakufa. Uzi nitaushika mimi."

Nilizinduka nimelala kwenye maji na damu, dresa amepiga magoti, amenidunga maji ya sukari kwenye mshipa wa mkono na anaendelea kunipaka sukari kwenye ufizi. Nilimuuliza, "Nani amenipiga hivi?"

"Uliza kwanza wewe umempiga nani," akasema.

Alipotaja jina nilidhani ananitania.

Siku ya tatu walinipeleka kumwona. Baba mkwe alikuwa ameshafika kutoka Kanazi kwa miguu. Aliposikia sauti yangu aliinuka na fimbo yake. Alinipiga usoni, akanipiga shingoni, akanipiga hapo ambapo mbavu zimevunjika, nikaanguka kati ya vitanda. Sikuinua mkono. Wagonjwa wakapiga kelele. Rwegasira akasema, "Baba, inatosha. Wakati ule hakuwa na macho."

Mzee akasimama juu yangu anahema. "Macho hakuwa nayo," akasema. "Lakini siku zote zilizotangulia alikuwa na mdomo. Kwa nini hakusema?"

Nilijiinua kwa kushika ukingo wa kitanda, askari wakanirudisha mahabusu.

Polisi waliniachia kwa sababu ndugu yako aliwaambia hana mashtaka, na dresa akaeleza habari ya dawa. Nikarudi chumbani, nikaiweka ile sindano chini ya kitanda. Nilisema sitajidunga tena, heri ugonjwa unimalize kuliko kuua mtu. Nilikaa siku nne. Kiu ikarudi, nikatapika nyongo, pumzi ikawa nzito. Mutalemwa akaja, akanikuta natambaa kwenda mtungini. Alinikasirikia sana. "Unadhani ukifa ule mkono utapona?" Akanidunga yeye mwenyewe. Sasa amepunguza kipimo, na ananipima mkojo mara mbili kwa juma. Nakula kabla ya kutoka, nakula tena saa nne, hata kama nyapara ananitazama vibaya. Wachukuzi wote nimewaambia ugonjwa wangu, mmoja mmoja. Ndoano sishiki tena. Nachambua kahawa pamoja na wazee. Tangu hapo hasira haijarudi ila mara moja, nami niliitambua jasho lilipoanza, nikalamba sukari.

Mkono wa Rwegasira umefunga, lakini vidole viwili vya mwisho havikunjiki. Hawezi kuongoza kitambaa chini ya sindano ya cherehani. Tajiri wake amempa kazi ya kukata nyuzi na kushona vifungo. Amehamia kwa fundi mwenzake. Kila jioni hupita akasimama mlangoni akauliza, "Shemeji, umekula?" Namjibu nimekula. Namkaribisha ndani. Anasema ana haraka. Jana nilinyoosha mkono nimpe kiti, akaruka nyuma kama mtu aliyeona nyoka, kisha akaona haya, na mimi nikaona haya.

Tulikubaliana mhamie huku watoto wakishakuwa na nguvu. Sasa siwezi kukuita, wala siwezi kukukataza. Baba yako amesema akupokee Kanazi, na ana haki ya kusema hivyo. Amua wewe. Lakini ukija, lazima ujue hili. Ukiniona natoka jasho mahali pa baridi, au nakuuliza jambo la kijinga kwa ukali, usibishane na mimi wala usinishike bega. Watoe watoto nje kwanza. Kisha weka maji ya sukari chini, mbali na wewe, uniambie kwa sauti ya kawaida ninywe, urudi nyuma mpaka mlangoni. Nisipokunywa, kimbia, ita wanaume. Nikikuita jina lako kwa upole nikiwa katika hali hiyo, usirudi.

Imeniuma kuandika maneno hayo kwa mke wangu. Nimeyaandika mara tatu, karatasi mbili nimezichana.

Mbusu Kemilembe na mdogo wake. Msalimie mama, umwambie meno yangu yamevunjika ila mdomo unasema. Msalimie mjomba mwenye mtumbwi, na jirani yetu mkunga aliyewapokea watoto wetu wote wawili. Mwalimu wa kanisa mwombe atukumbuke, lakini jina la Rwegasira alitaje kabla ya langu.

Ni mimi mumeo, baba wa Kemilembe, ninayepokea lolote utakaloamua,

Byabato