Majivu Tuliyomwagia Njugu

Mama yangu,

Leo asubuhi nimepiga magoti kwenye udongo mweupe, mikono imejaa vumbi la chokaa, nikasikia sauti yako kabisa: "Mwaga polepole, wewe! Hayo si ya kurushia kuku." Nikacheka peke yangu. Wenzangu kazini wakanitazama, ati huyu naye amepatwa na nini.

Unayakumbuka yale majivu? Kila asubuhi kabla ya shule uliniamsha nikwangue mafiga, nijaze karai, twende nalo kwenye lile shamba la mteremkoni, chini ya vilima vya chokaa, ziwa likionekana lote. Njugu zilikuwa zimeota vizuri, halafu majani machanga yakaanza kugeuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani. Ukasema zimekosa nguvu, zinataka majivu, kama mboga za sukuma wiki zilivyoyataka kule kwenu Uyoma. Basi tukamwaga. Zikazidi kuwa manjano. Tukaongeza! Yaye, Mama, tulikuwa wabishi sisi. Nilifika shule na majivu hadi kwenye nyusi, na wewe ulikuwa umeniambia ni poda.

Lakini kilichokuuma hakikuwa majani. Mwaka huo mvua ilishuka mapema tena kwa nguvu, na Mama Mkubwa, mke mwenzako, alikuwa amekwenda matanga kwao. Kwetu mke wa kwanza ndiye anayefungua msimu. Akishatia mbegu yake ardhini, ndipo wengine wafuate. Wewe uliona mvua inapita bure, ukapanda. Watu wakaja kusimama kando ya shamba. "Si unaona? Nyar Uyoma, huyu binti wa Uyoma, amemruka mkubwa wake, sasa njugu zimeshikwa na chira." Chira, ule ugonjwa wa kukonda unaomwandama aliyevunja mwiko! Wakaupa hata mimea. Uliinama ukaendelea kumwaga majivu, na nilipokuuliza unalia nini, ukasema moshi. Moshi shambani, Mama?

Tulipovuna ukasema mkono wako si wa njugu tena, na kweli hukuzipanda mpaka ulipotuacha. Hilo ndilo limenikaa rohoni miaka yote, kwamba ulikwenda ukiamini kosa lilikuwa lako.

Sasa wacha nikuambie. Siku hizi nakaa Migosi, hapa Kisumu, na kazi yangu ni njugu hizo hizo. Majani yanahitaji madini ya chuma ili yawe kijani. Chuma kilikuwepo shambani mwetu, tena tele, ila udongo wa chokaa hukifunga, mizizi ikakosa namna ya kukinywa. Mvua ikizidi, kinafungwa zaidi. Na majivu, usicheke, yanafanya kazi ileile ya chokaa. Kumbe tulikuwa tunakaza kifungo wenyewe, kila asubuhi, kwa upendo wote.

Lakini si zote zilizougua. Kulikuwa na zile za karibu na jiwe kubwa, zilizobaki kijani kibichi hata tulipozifunika majivu. Uliziita vichwa ngumu. Mama, maisha yangu yote ya kazi natafuta vichwa ngumu! Kuna njugu zinazozaliwa na mizizi inayotoa asidi kidogo, ikalegeza chuma na kukivuta ndani. Zinarithishana ugumu huo, mzazi kwa mtoto, na si jeni moja inayofanya hayo. Ni kadhaa, kila moja inatoa kidogo ilichonacho kama watu kwenye harambee. Mimi nachukua chavua ya njugu ngumu naitia kwenye ua la ile inayozaa sana, kisha nalea watoto wao. Na ili nijue nani amerithi ugumu, namwaga chokaa makusudi. Ndiyo, lile kosa letu ndilo kipimo changu, na watu wananiita mtaalamu.

Jumamosi nilikwenda nyumbani na ndoo mbili. Kila moja ilikuwa na mche mmoja, udongo uleule mweupe, nimeipanda mwenyewe siku moja. Mmoja manjano, mwingine kijani. Nikaziweka mbele ya Mama Mkubwa. Amezeeka, macho yamekuwa mazito, ila mdomo bado upo. Tangu nitoke Kisumu nilikuwa nimejipanga kugombana.

"Mama yangu hakuleta chira," nikamwambia. "Mkono uliopanda hii ndio uliopanda ile. Ni udongo, na ni uzao wa mbegu yenyewe. Basi."

Aliyapapasa majani kwa vidole, ya ndoo hii, ya ndoo ile. Akainuka, akaingia ndani, akarudi na kopo la mafuta ya kupikia, limejaa njugu.

"Hizi ni za nyieka," akasema. Alikuita hivyo siku zote, mke mwenza. "Alipozitupa, mimi nikaziokota. Zile za karibu na jiwe. Nazipanda kila msimu."

"Na zako?"

"Zangu zinafuata, nyathina, mwanangu. Nafungua msimu na zake. Walipomsema nilinyamaza, na mdomo ninao. Nikaona basi, atangulie tu, mpaka siku nitakapomfuata."

Hasira yote ikaniisha palepale. Nilikaa kwenye kigoda chako nikalia, na aliponiuliza nalia nini, nikasema moshi.

Kopo liko hapa mezani ninapoandika. Kesho nazitia kwenye chokaa, na sina wasiwasi nazo hata kidogo. Pumzika sasa, Mama. Sisi tulidhani uliacha kupanda, kumbe miaka yote hii wewe ndiye uliyekuwa unafungua msimu.

Mwanao,
yule wa karai la majivu