Chandarua Kilibaki Nyumbani

Mjukuu wangu Zuhura,

Huku Salale hatujambo. Babu yako, mume wetu, anakusalimu, mpunga umechanua. Umeniuliza utafiti upi uchague chuoni: tiba, elimu au mila.

Nilipokuwa namnyonyesha mama yako, walikuja watafiti wa malaria. "Mnalala kwenye chandarua?" Tukajibu ndiyo, maana mgeni havunjwi moyo. Wakaandika. Dada mmoja mbishi kati yao akasema, "Nipelekeni shambani." Akapanda dungu, kile kibanda cha juu cha kulindia mpunga. Akakuta tumehamia huko na watoto msimu mzima: shule hawaendi, na chandarua tumekiacha nyumbani. Niliionea haya ile ndiyo yangu.

Chagua utakalo, mama. Ila usiandike neno kabla hujapanda dungu. Ngazi nitakushikia mwenyewe.

Bibi yako, Mwanahawa