Kushuka ni Pole Sana

Shangazi,

Gari lako limefika Kanduyi. Aliyelifikisha ni mimi, Nekesa wako, mwalimu wa chekechea, yule uliyemwambia ana mguu wa kutwangia mahindi kwa jinsi alivyokuwa akiikanyaga klachi. Tulia nikueleze kwa mpango. Ungekuwa hai ungekuwa umeshanikatiza mara tatu.

Miezi mitano imepita tangu tukuzike. Mahindi uliyoyaacha Kitale yakiwa ya magotini tumeyavuna. Nyumba imerudishwa kwa mwenyewe, kuku wamegawanywa, na yule jogoo wako mwenye matusi yuko kwangu anawaamsha majirani. Watu bado wananipa pole sokoni. Na kila wakisema pole, mkono wangu wa kushoto unaanza kutafuta gia. Wewe unajua sababu, lakini acha nikumbuke kwa sauti, kwani kukumbuka ndiyo raha niliyobaki nayo.

Baba alinituma kwako wiki mbili kabla ya harusi yangu na Barasa, unifunde. Hiyo ni kazi ya shangazi tangu zamani, hata Baba ambaye hakupenda vituko vyako hakuthubutu kuikwepa. Nilikuja na daftari jipya na kalamu mbili. Ulilitazama lile daftari ukacheka mpaka miwani ikateleza. "Mambo ya mume utayajua ukifika," ulisema. "Ya gari hakuna wa kukuambia. Ingia."

Jameni lile gari! Jekundu, la milango miwili, limekaa chini mpaka ukiwa ndani unawaangalia watu magotini. Manesi wenzako walipostaafu walinunua ng'ombe wa maziwa. Wewe ukanunua gari la mbio lisiloweza kubeba hata gunia moja la mahindi, tena Kitale! Baba aliona haya. Mzee wa kanisa, na dada yake anapita mjini kwa kishindo, kitambaa kichwani, mkono nje ya dirisha. Hakuwahi kukaa ndani yake hata siku moja.

Gia yake ya pili ilikuwa imezeeka. Ukiilazimisha ilisaga meno, na mji mzima ukageuka kutazama. Fundi alitaka kubadilisha giaboksi yote, wewe ukakataa. Ulisema si bovu, linataka heshima tu. Ukanionyesha: kanyaga klachi, toa gia, ifike fri, pale katikati ambapo haijashika popote, halafu usiharakishe. "Mpe pore yake," ukasema. Nikadhani unaniletea ile methali ya mwenda pole hajikwai, nikaitikia kwa adabu kama mtu aliye kanisani. Ukanipiga kofi la goti. "Si porepore! Pore. Ire ya msibani. Iseme kwa mdomo. Ukimariza kuisema, ingiza gia."

R na l kinywani mwako zilikuwa dada wawili wanaoazimana nguo, nami nilishazoea. Nikasema pole, yote, mpaka mwisho wake. Gia ya pili ikaingia kama mkono mfukoni.

Kazi ilikuwa kurudi chini. Injini inataka ikimbizwe kidogo kabla gia ndogo haijaipokea, na hapo ndipo nilipokutesa. Siku tatu tulizunguka barabara ya Kiminini, gari likiruka kama mbuzi aliyekata kamba, kichwa chako kikienda mbele na kurudi, na wewe unaimba ile sheria yako: "Kupanda ni pore. Kushuka ni pore sana. Kwa ire sana, gusa mafuta!" Siku ya nne nilishuka kutoka ya tatu hadi ya pili, nikapanda, nikashuka tena, nawe hukusema neno. Sijawahi kukuona umenyamaza dakika tano nzima. Ndivyo nilivyojua kwamba nimeweza.

Sikuwahi kukuambia yaliyotokea niliporudi nyumbani Kanduyi. Mama alinivuta jikoni, akafunga mlango. "Shangazi yako amekufunza nini?" Na mimi, kwa vile sijui kudanganya haraka, nikamwambia, "Kwamba kupanda ni pole, na kushuka ni pole sana." Wee! Mama alifumba macho akatingisha kichwa kwa heshima kubwa. Akamwita jirani, akamrudia neno kwa neno. Mpaka leo wanawake wa kikundi chao wanawafunda mabibi arusi kwa maneno hayo, na kila mmoja ana maelezo yake. Sijamwambia mtu kwamba ni habari za giaboksi. Wala sitamwambia.

Sasa nifike kwenye ujanja wako.

Ukiwa kitandani hospitalini uliwaita Baba na Baba Mdogo, ukawaambia gari ni la yule wa nyumba yetu atakayelitoa Kitale mpaka Kanduyi bila gia kulia hata mara moja. Ikilia, liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma. Wao wakaona ni maneno ya mgonjwa. Mimi niliposimuliwa nilicheka peke yangu chooni, huku natokwa na machozi. Shangazi, uliweka mtihani ambao majibu yake ulikuwa umeshanipa miaka miwili kabla! Mwizi wewe.

Wa kwanza kujaribu alikuwa Simiyu, mtoto wa Baba Mdogo, kwa kuwa anaendesha pikapu ya shule na mdomo anao. Hakufika hata Kiminini. Ile gia ya pili ilipiga yowe mpaka ng'ombe wakainua vichwa. Baba Mdogo akaona imetosha, gari ni chuma tu, na mnunuzi wake yuko tayari. Niliposema nami nijaribu, alicheka. "Ati nani? Huyu wa kuimbisha watoto a e i o u?"

Nilitaka gari hilo, Shangazi, kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Ndilo pekee lililobaki na harufu yako, ile ya mafuta ya mgando na maganda ya machungwa. Nilikuwa nalala naliona limekatwakatwa.

Shahidi wangu akawa Baba, kwa sababu kila mtu anajua hawezi kusema uongo hata kuhusu umri wa kuku. Lakini kuna jambo kumhusu ambalo hulijui. Baba hakukulilia. Wanaume wa kwetu hulia matangani kwa sauti bila kuona haya. Yeye alipanga viti, akapokea wageni, akasimama wima kaburini kama askari. Ikapita wiki, ukapita mwezi, hakuna chozi. Mama alianza kuogopa. Na mimi nilikuwa namzunguka tu, nampikia chai, namuuliza kuhusu mvua.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano asubuhi. Baba aliingia ndani ya gari lako kwa mara ya kwanza maishani mwake, magoti yakamfika kidevuni, kofia mapajani, akafunga mkanda bila kuniangalia. Tukatoka Kitale. Ya kwanza, pole, ya pili, pole, ya tatu. Nilikuwa nasema moyoni, midomo imefungwa. Kiminini tukapita. Kamukuywa nikashuka mpaka darajani na kupanda ng'ambo ya pili, laini, wala Baba hakutikisika. Nilijisikia mrefu. Niliona watu wanatazama barabarani nikanyoosha shingo kama wewe.

Tulipoiacha Misikhu, tunateremka kuelekea Webuye, niko gia ya nne, nikaona boda ya baiskeli imembeba mama na kikapu chake. Ikakata barabara mbele yangu bila hata kugeuza kichwa. Nikakanyaga breki. Ya nne haingeweza kunitoa hapo, wala ya tatu. Ilikuwa lazima ya pili, ile ile yenye meno. Klachi. Fri. Moyo ulikuwa unanipiga masikioni mpaka sikujisikia ndani, kwa hiyo nikalitamka kwa sauti, lote, taratibu: "Pole sana." Kwa ile sana nikagusa mafuta. Gia ikaingia. Baiskeli ikapita, yule mama hata akanipungia mkono.

Ndipo nikasikia kitu kinalia.

Kilikuwa kilio chembamba, kirefu, kinatoka chini chini. Nikasema basi, kwisha mimi, kwisha gari. Nikaishika gia, imetulia. Nikasikiliza injini, iko sawa. Kilio kinaendelea. Nikageuka, na ni Baba. Amejifunika uso kwa kofia, mabega yanatetemeka.

Shangazi, pole ile ilikuwa ya gari. Haki ya Mungu ni gari nililokuwa naliambia. Lakini yeye alisikia binti yake, kwenye gari la dada yake, anamwambia pole sana. Na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika watu wote waliompa pole, mimi sikuwa nimempa. Miezi mitano! Nilimpa chai.

Nikataka kusimama kando. Akatikisa kichwa. "Endesha," akasema. Basi nikaendesha. Alikulilia kutoka hapo mpaka Webuye, akakulilia kwenye barabara kuu katikati ya malori, tulipofika Bukembe alikuwa amebaki na kwikwi. Alipenga kamasi, akatazama mkono wangu juu ya gia kwa muda mrefu. "Kumbe ndivyo alivyokuwa akiendesha," akasema. "Na mimi nilikuwa naona haya."

Nyumbani walikuwa wamejaa uani. Baba Mdogo na mnunuzi wake wa vyuma walikuwa wamesimama mbele, na mnunuzi hata spana ameshakuja nazo. Nilizima injini. Baba akatoka kidogo kidogo, akanyoosha mgongo, akavaa kofia.

"Eh, Mzee," Baba Mdogo akauliza, "iliria, haikuria?"

Baba akawatazama wote, macho mekundu kama pilipili, wala hakuyaficha. "Aliyelia humo ndani ni mimi," akasema. "Gia haikulia."

Mama alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Mnunuzi alikunja mfuko wake wa spana akaenda zake. Mimi nilibaki nimekaa ndani, mikono kwenye usukani, nikijivuna waziwazi kama ulivyokuwa ukijivuna, na sikuomba msamaha kwa mtu.

Sasa kila Jumapili Baba anatangulia kutoka, amevaa koti, anasimama kando ya mlango wa gari kama mbunge anayesubiri dereva. Ananiambia nipitie mjini kwanza, ati kanisa halijaanza. Halafu juzi Simiyu alikuja, mdomo wote ameuacha kwao. "Dada, si unifunze tu?" Nimemwambia aje Jumamosi. Nitamfunza yote, sitamficha hata moja, na kofi la goti atalipata.

Nakuacha upumzike, mpenzi wangu, mwalimu wangu. Nakuahidi sitaliweka gari lako ghalani liwe la kutazamwa. Litatembea. Na kwa kuwa tumekulaza hapa karibu na barabara, nitakuwa nakupita kila asubuhi nikienda kazini. Injini utaisikia, hiyo siwezi kuificha. Gia hutaisikia.

Wako,
Nekesa