Mtoto Wangu wa Ubatizo Anadhani Bado Tunamsikiliza

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla Pasaka haijafika, maana sina amani hata nikisali rozari. Nina mtoto wangu wa ubatizo, hapa nimwite Kastori, ni mtangazaji mjini Moshi, na kipindi chake kinaeleza mambo ya redio yenyewe, jinsi taarifa zinavyoandaliwa, jinsi mvua ya kwenye mchezo wa redio inavyotengenezwa kwa punje za mahindi kwenye sinia, tulikipenda jamani, Jumamosi huku Kwa Sadala hata mnunuzi wa ndizi alisubiri kiishe ndipo aanze kupatana bei, lakini tangu redio zimekuwa nyingi Kastori amebadilika, saa nzima ni kuwasema watangazaji wenzake, nani kahama, nani kafukuzwa, anacheka peke yake, na watu wamezima mmoja mmoja, na mimi pia mshauri, Mungu anisamehe, tangu Kwaresima ianze sijakifungulia.

Sasa kila Jumapili baada ya misa ananisubiri nje. "Shikamoo mama. Jana umenisikia?" Nami, "Marahaba baba, nimekusikia, kizuri sana." Ameniamini, mpaka ametangaza kwamba Jumamosi ya baada ya Pasaka anakuja na mitambo kurekodi wasikilizaji wake uani kwangu, niwakusanye, na tajiri mwenye redio atakuwepo aone kama kipindi kiendelee au kifutwe. Nimepita kwa majirani, Mama Beatha akaniambia, "Kukiwa na mtori wenye nyama nitakuja, na makofi nitapiga. Kumsikiliza huyo, hapana." Nimewaza nipike sufuria mbili waje tu wajaze viti, halafu nikawaza nimpelekee jani la isale, kama mila yetu ilivyo, nimwombe msamaha, lakini nikisema kweli nitamvunja moyo, na mama yake mzazi alishafariki, amebaki na mimi. Nifanye nini? Jina langu usilitaje.

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mama. Nakuhurumia, ila umekosa, na ulikuwa unajiandaa kukosa tena. Huyo tajiri akiwauliza walioshiba mtori, "Jumamosi iliyopita mlisikia nini?" Mama Beatha atajibu nini, kwamba chumvi ilitosha? Kijana ataaibika mbele ya mwajiri wake, uani kwako. Hapo ndipo utakuwa umemvunja moyo.

Isale mpelekee, lakini ujue unaombea nini. Unaomba msamaha kwa kumdanganya pale kanisani. Kwa kumwambia ukweli sasa, huombi msamaha. Na usijifiche nyuma ya "watu wanasema." Sema "mimi nilizima," umweleze alikuwa anasema nini ulipozima. Kisha mkumbushe zile punje za mahindi. Siku ya kurekodi alete sinia, awanyeshee mvua watu wa Kwa Sadala waione kwa macho. Majirani waalike upya, bila mtori, uwaambie kijana anataka kusikia kwa nini walimwacha. Mama Beatha atawahi kiti cha mbele, huyo ana la kusema. Kipindi kikifutwa hata hivyo, atakuwa amefutiwa kipindi, mama bado anaye.

Ulisimama kwenye ubatizo wake ukaahidi kumlea. Kumsifia kila Jumapili si kumlea.

Jina lako nimelificha, lakini kijana atajitambua kwenye mistari mitatu tu, na pengine naye amefungua ukurasa huu sasa hivi. Kunja gazeti, mama. Nenda.